Lori linapimwa uzito, dereva hapimwi usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi wa breki za upepo hapa Nzega, mkoani Tabora, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22 katika banda moja lililo kando ya barabara kuu. Anayeijua Nzega anajua kuwa hapa ndipo barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida inapogawanyika: tawi moja linakwenda Tabora mjini, Urambo na Kaliua, kisha linavuka Malagarasi hadi Kigoma, na jingine linakwenda Tinde, Kahama na mpaka wa Rusumo. Kwa hiyo malori yanayopeleka mafuta, ngano na mabati Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni majirani zangu wa kila siku, na baadhi ya madereva nawatambua kwa mlio wa injini kabla sijawaona sura.

Ninachotaka kukiandika kinaihusu LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Ninauliza ni lini ufuatiliaji wa kielektroniki tuliouzoea kwenye mabasi utamfikia dereva wa lori kwa namna inayohesabu uchovu wake pamoja na mwendo wake.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mamlaka hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikachukua kazi za nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA, na pamoja na kutoa leseni za kubeba abiria na mizigo ikapewa jukumu la kusajili wahudumu na kuthibitisha madereva wa vyombo inavyovidhibiti. Mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya masafa marefu iliurithi, ikauendeleza, na sisi tunaoishi barabarani tuliona tofauti. Kifaa kilichofungwa ndani ya basi hupokea mahali lilipo kutoka kwenye setilaiti, hukokotoa mwendo, kisha hutuma taarifa kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta za Mamlaka. Mwendo ukizidi kinalia, abiria wanasikia, na bibi aliyekaa kiti cha nyuma na kapu lake la karanga anapata nguvu ya kusema, "Dereva, mwanangu, tupeleke taratibu." Baadaye kikaongezwa kitufe cha utambuzi, kidude kidogo cha chuma mfano wa betri ya saa, ambacho dereva anakigusisha kwenye kifaa ili ijulikane ni nani hasa ameshika usukani kwa wakati huo. Sidhani kama serikali ingethubutu kuruhusu tena mabasi ya usiku mwaka 2023, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990, kama isingekuwa na macho hayo.

Sasa tutazame lori. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na haitofautishi sana kati ya lililobeba watu na lililobeba saruji. Serikali nayo inajua mengi kuhusu lori hilo. Likitoka bandarini na mzigo wa nchi jirani, TRA hulifunga lakiri ya kielektroniki, ambayo madereva wanaiita sili. Ikifunguliwa njiani, au lori likiacha njia iliyopangiwa, kuna ofisi inayopata habari. Likifika kwenye mizani, TANROADS inapima kila kundi la ekseli kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kutumika Machi 2019: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma ya kichwa, tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Ukizidisha, unalipa. Mwenye lori naye, ambaye madereva humwita tajiri, mara nyingi ameweka kifaa chake cha GPS chenye kipimo ndani ya tangi, kinachomwambia dizeli imeshuka lita ngapi na wapi.

Kwa hiyo kodi ina mlinzi, lami ina mlinzi, na dizeli ina mlinzi. Katika malori yaliyosimama mbele ya banda langu sijaona hata kifaa kimoja kinachomwambia mtu yeyote kwamba huyu aliyeshika usukani mara ya mwisho alilala jana mchana, tena kwa saa mbili, ameegemea mlango.

Niruhusu nieleze kitu ambacho labda wasomaji wengi hawajakiona. Malori mengi yaliyotumika Ulaya huja nchini yakiwa bado na saa ya mviringo kwenye dashibodi. Kwa nje ni kipima mwendo cha kawaida, lakini uso wake unafunguka kama kifuniko cha sufuria, na ndani yake kuna nafasi ya karatasi ya duara iliyopakwa nta nyembamba, imegawanywa kwa saa 24. Gari likitembea, sindano tatu zinachora juu ya nta: moja mwendo, ya pili umbali, na ya tatu inaonyesha kama dereva anaendesha, anafanya kazi nyingine au amepumzika. Katikati ya duara dereva huandika kwa mkono jina lake, namba ya gari, mahali alipotoka na alipofika. Malori ya miaka ya karibuni zaidi yana kifaa cha kidijitali badala ya karatasi, chenye tundu mbili za kadi, ya dereva na ya mwenzake.

Nilipokuwa kijana nilifungua saa moja ya namna hiyo nikitafuta waya uliokatika, nikaikuta karatasi ya mwaka 1999, imesahauliwa humo na dereva aliyekuwa akitoka Rotterdam. Nilikaa nayo kwenye benchi nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya mgeni. Mstari wa mwendo ulipanda asubuhi, ukaenda sambamba kwa saa nne na kitu, kisha ukaanguka hadi chini na kukaa hapo dakika 45 kamili, ukapanda tena. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa kule sheria inasema baada ya saa nne na nusu za kuendesha ni lazima upumzike dakika 45, na kwamba kwa kawaida siku moja haizidi saa tisa za usukani. Tangu hapo nimekusanya karatasi kama hizo 30 na ushei. Saa zenyewe bado zinaonyesha mwendo, lakini tundu la karatasi madereva wetu huwekea vocha na pipi. Chombo kilipanda meli kikaja, sheria iliyokipa maana ikabaki Ulaya.

Mtu asije akasema kuwa sisi hatuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki, inakataza kuvuka saa 12 kwa siku hata pamoja na saa za ziada, inataka mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni takribani kilomita 900. Hata lori likitembea kilomita 80 kwa saa bila kupunguza, bila mizani, bila kijiji, bila mlima, jambo ambalo haliwezekani, linatumia zaidi ya saa 11. Kwa hali halisi ni saa 18 au zaidi. Dereva anayeniambia ametoka Dar jana jioni na leo mchana yuko Nzega amekwisha kuivunja sheria ya kazi kabla hajashuka kuninunulia chai, na ofisa kazi hana namna ya kumwona, kwa sababu ofisi ya dereva ni kibini inayotembea.

Nitatoa mfano mmoja, na kampuni sitaitaja kwa kuwa wanaofanya hivyo ni wengi na mimi mwenyewe simo kando. Usiku mmoja, kama saa tisa, niligongewa dirisha na kijana mwenye lori la kichwa na tela lililobeba mabati. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Alinisalimu, "Shikamoo fundi," kabla sijaitika vizuri akasema, "Busta ya tela inavuja, upepo haujai. Ziba tu nifike Kahama." Nilipoinama chini ya tela nilikutana na harufu ambayo kila fundi wa huku anaijua, harufu ya lainingi zilizoungua, yaani zile bitana zinazosugua ngoma za breki. Alikuwa ameshuka Sekenke. Wasioujua mlima huo niwaambie kuwa uko kati ya Kiomboi na Igunga, barabara inateremka kuelekea bonde la Wembere, na dereva aliyechoka akishuka kwa kukanyaga breki badala ya kuweka gia ya chini, au mbaya zaidi akiachia frii ili abane dizeli, ngoma za breki zinapata moto hadi lainingi zinapoteza ung'ang'anizi. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, gari halipungui.

Wasomaji wengi wanadhani upepo ukiisha kwenye lori breki zinapotea. Kwa kweli lori limeundwa kinyume chake. Ndani ya busta za nyuma, yaani yale makopo ya chuma yanayosukuma breki kwa upepo, kuna springi nzito inayozuiwa na upepo. Upepo ukivuja, springi inajifungua na kushika gurudumu, na lori linasimama lenyewe. Ni ulinzi mzuri mno, na ndiyo sababu watu wanauondoa. Fundi anaingiza boliti ndefu nyuma ya busta, anaikaza, springi inabanwa na gurudumu linaachiwa huru. Kisha anakunja paipu ya upepo inayovuja na kuifunga kwa raba ya tyubu. Gari linaondoka, lakini gurudumu hilo halina breki tena, wala ya kukanyaga wala ya kuegesha. Ukifanya hivyo kwenye magurudumu matatu, tela la tani 24 linamsukuma dereva kila anapojaribu kusimama.

Usiku ule niliziba. Nilimwambia alale kwanza, akanijibu kuwa tajiri anaiona GPS na atapiga simu gari likikaa zaidi ya nusu saa. Alinilipa, akaondoka. Alifika salama, nashukuru, maana nilimpigia mchana uliofuata. Lakini nimefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na si kila mara nilikuwa na namba ya simu.

Ndugu Mhariri, nimeleta kisa hicho ili ionekane kuwa breki na usingizi ni jambo moja. Aliyelala vizuri anateremka Sekenke kwa gia, anasikia upepo ukivuja, anakataa kuondoka. Aliyechoka anasema ziba.

Tulitazame taifa moja ambalo limekwisha kuipita njia hii. Marekani ina wakala wa serikali kuu wa usalama wa malori na mabasi, ulioanza kazi Januari 2000, na kila jimbo lina wakaguzi wake wa barabarani wanaotekeleza kanuni hizo. Dereva wa lori la mizigo kule anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Zamani aliandika saa hizo mwenyewe katika daftari, na madereva wenyewe walilibatiza jina la kitabu cha katuni, kwa jinsi yaliyomo yalivyokuwa hadithi tupu. Kuanzia Desemba 2017 malori mengi yakalazimishwa kuwa na kifaa kinachounganishwa na injini na kuandika saa zenyewe. Mashine haiwezi kusema imelala wakati magurudumu yanazunguka.

Hata hivyo, sitaki kuuza kifaa kama dawa ya mganga. Watafiti waliofuatilia rekodi za ukaguzi na ajali huko baada ya agizo hilo walikuta kwamba utii wa saa uliongezeka sana, hasa kwa kampuni ndogo, lakini ajali hazikuonekana kupungua, na makosa ya mwendo kasi yakaongezeka kwa hao hao wadogo. Sababu haihitaji shahada. Mtu anayelipwa kwa kilomita au kwa tripu, ukimpunguzia saa bila kugusa malipo yake, atazifidia kwa mguu wa kulia. Madereva wetu walipogoma mwaka 2015 walidai, pamoja na mengine, mikataba ya ajira inayoeleweka. Hilo nalitaja kwa sababu LATRA ikihesabu saa bila wenzao wa Idara ya Kazi kukagua mikataba, tutakuwa tumehamisha hatari kutoka usingizini kwenda kwenye mwendo kasi.

Ninachopendekeza ni hiki. Kitufe cha utambuzi kipo, teknolojia ya kufuatilia ipo, na uzoefu wa kuiendesha Mamlaka inao. Leseni ya kubeba mizigo hutolewa na Mamlaka hiyo hiyo. Basi na iwe sharti la leseni kwamba lori kubwa, kwa kuanzia yale ya mafuta na ya mizigo ya nje, liwe na kifaa kinachohesabu saa za mtu na siyo za gari, ili madereva wawili wanaopokezana wahesabiwe kila mmoja kwa kitufe chake, na kinachomlilia dereva saa yake ya kupumzika inapofika. Taarifa ya mtu kupitiliza ifike kwa tajiri na kwa Mamlaka kwa pamoja, na adhabu ya kwanza iende kwa tajiri. Nalisisitiza hili la mwisho. Dereva akipigwa faini peke yake, ataikata kwenye posho ya chakula na safari itaendelea vilevile.

Kuna watakaoazimana vitufe. Najua, kwa sababu watu hao hao huazimana hata leseni. Dawa yake ni askari au mkaguzi barabarani mwenye simu inayoweza kuonyesha picha ya mwenye kitufe kilichomo. Kuna pia sehemu zisizo na mtandao, mathalani kwa anayekatiza msitu wa Ipole na Koga akielekea Mpanda, lakini kifaa kinaweza kutunza kumbukumbu na kuzituma mtandao ukirudi, kwa hiyo hiyo isiwe sababu ya kuahirisha.

Jambo la pili halihitaji hata setilaiti. Lori limekwisha kusimama kwenye mizani, tena kwa lazima, tena mara kadhaa njiani. Kwa nini lipimwe uzito tu? Kuipima breki ya upepo kunahitaji chaki, rula na watu wawili. Magurudumu yawekewe vigingi, breki ya kuegesha iachiwe, mmoja aweke alama ya chaki kwenye fimbo ya busta inapotokea, mwenzake akanyage pedali na kuishikilia wakati injini imezimwa na upepo uko kati ya bar 6 na 7, kisha ipimwe fimbo imetoka kiasi gani. Kwa busta ya kawaida ya ukubwa wa 30, ikivuka milimita 51, breki hiyo imelegea. Isipotoka kabisa, imezibwa. Boliti ikionekana imechomoza nyuma ya busta, hakuna haja hata ya kupima. Wakaguzi wa Marekani hufanya hivyo hivyo, chini ya gari, na kanuni yao ni kwamba lori ambalo asilimia 20 ya breki zake au zaidi zina kasoro haliondoki mahali lilipo hadi litengenezwe. Kwa lori letu la ekseli sita, lenye breki 12, hiyo ni breki tatu. Nathubutu kusema kwamba kanuni hiyo ikianza kesho asubuhi, nusu ya mafundi wa Nzega tutakosa kazi ya kuziba, na tutapata kazi halali ya kubadilisha dayaframu, ile raba ya ndani ya busta.

Nitaambiwa kuwa mizani ni ya TANROADS, ukaguzi wa magari ni wa Polisi wa Usalama Barabarani, na LATRA ni ya leseni. Ni kweli, na ndiyo maana ninaiandikia LATRA, kwa kuwa leseni ndiyo kitu pekee ambacho tajiri anakiogopa kuliko faini. Wengine wawe macho na mikono, LATRA ishike leseni.

Mwenye Fuso moja anayebeba mpunga kutoka Igunga kwenda Tabora mjini atalalamika gharama, na ana haki ya kulalamika. Ndiyo maana nimesema tuanze na malori makubwa ya safari ndefu, ambayo tayari yana GPS ya tajiri, na wadogo wapewe muda. Kuhusu malori ya nchi jirani, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweza kukubaliana kuhusu uzito wa ekseli, kwa hiyo kukubaliana kuhusu saa za usukani hakuzishindi. Wapo pia wanaosema tusubiri reli ya kisasa ichukue mizigo. Reli hiyo naiombea heri, lakini mabati hayatashuka behewani yakatembea yenyewe hadi dukani Kibondo.

Sharti moja lisiposemwa, mengine yote yatakuwa maonevu. Dereva akiambiwa asimame, asimame wapi? Kati ya Shelui na hapa, lori likihitaji kulala linaegesha ukingoni mwa lami, tela likiwa nusu barabarani, na nyuma yake utingo anapanga matawi ya miti kwa kuwa pembetatu ya kuakisi iliuzwa au haikuwahi kuwepo. Asubuhi lori linaondoka, matawi na mawe yanabaki. Sasa kwa kuwa mabasi yanasafiri usiku, ukingo huo umekuwa hatari mara mbili. Halmashauri za Igunga na Nzega zinakusanya ushuru wa maegesho mjini. Zikitenga uwanja wenye taa, choo, maji na mlinzi, dereva atalipa elfu moja zake bila kulazimishwa, kwa sababu kinachomkesha si tajiri peke yake, ni pia wezi wa dizeli na wa betri.

Niko hapa bandani siku zote isipokuwa Ijumaa mchana. Zile karatasi za duara bado ninazo, nimezihifadhi kwenye kopo la grisi lililosafishwa, na ofisa yeyote wa Mamlaka anayepita Nzega anakaribishwa kuja kuzitazama. Chaki na rula pia zipo, na kwa kawaida hapakosi lori la kufanyia jaribio.

Wako,
Fundi wa breki za upepo,
Nzega, Tabora